Kabla hujapanda ndege: tikiti ya kurudi na maswali ya uwanjani

Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tumezoea mpaka wa Busia. Unavuka asubuhi na kitambulisho chako, unanunua ulichofuata upande wa Uganda, jioni umerudi, na hakuna aliyekuuliza utarudi lini. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi, unakaguliwa mara moja tu. Mazoea hayo ni mema. Shida huanza pale mtu anapoyabeba hadi uwanja wa ndege.

Mama mmoja anayeuza mitumba soko la Kibuye alikuja chuoni ninapofundisha masuala ya usafiri, hapa Kisumu, akiwa amevunjika moyo. Alikuwa amepanda basi la usiku hadi Nairobi na tikiti ya kwenda Johannesburg kumwona bintiye aliyejifungua. Viza hakuhitaji: tangu Januari 1, 2023, Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Kwenye kaunta ya ndege akaulizwa tikiti ya kurudi. Akajibu kwamba atarudi mtoto akipata nguvu. Ndege ikaondoka, yeye akabaki. "Kwani wale ni uhamiaji?" akaniuliza.

Si uhamiaji, lakini wamebebeshwa mzigo wa uhamiaji. Kanuni za kimataifa zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 zinaitaka kampuni ya ndege ikague hati za abiria kabla hajapanda. Ukikataliwa kuingia ulikokwenda, kampuni iliyokuleta ndiyo hukuondoa, na nchi nyingi huipiga faini juu yake. Uingereza, kwa mfano, hutoza hadi pauni 2,000 kwa kila abiria aliyefikishwa bila hati zinazotakiwa. Kwa hiyo mhudumu huingiza uraia wako na unakokwenda katika mfumo wa masharti ya safari uitwao Timatic, kisha hufuata mfumo huo unavyosema. Kumwonyesha salio la M-Pesa au kumpigia simu mwenyeji wako hakumpi ruhusa ya kukupandisha.

Kutohitaji viza, basi, si sawa na kutoulizwa kitu. Kwa kweli tikiti ya kurudi huulizwa zaidi pale pasipo viza, kwa sababu hakuna ubalozi uliokwisha kukuchunguza. Si lazima tikiti hiyo ikulete Kenya. Ya kwenda nchi ya tatu hukubalika mara nyingi, mradi huko nako unaruhusiwa kuingia.

Sasa kuna biashara inayonikera sana. Vijana wengi hapa Kisumu na Nakuru huuziwa kupitia WhatsApp kile kinachoitwa "tikiti ya kuonyesha". Tafadhali jifunzeni kutofautisha nafasi iliyowekwa na tikiti yenyewe. Nafasi iliyowekwa ina msimbo wa herufi na nambari sita, na mtu anaweza kuupata bila kulipa nauli. Isipolipiwa kwa wakati, mfumo huifuta wenyewe, pengine wewe bado uko kwenye basi pale Nakuru. Tikiti iliyolipiwa ina nambari ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha kampuni: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines. Ajenti akikutumia karatasi yenye msimbo wa sita pekee, mwombe nambari ya tikiti. Kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya ndege uthibitishe kwamba safari iko na imelipiwa. Mhudumu wa kaunta hufanya hivyo hivyo kwa sekunde chache. Karatasi ikiwa imebuniwa, ulichonacho mkononi ni hati ya kughushi, na afisa wa nchi ya kigeni anaweza kukurudisha na kuweka rekodi itakayokufuata kwenye maombi yako ya viza ya baadaye.

Usipojua tarehe ya kurudi, nunua tikiti ya kwenda na kurudi inayoruhusu kubadilisha tarehe, na usome ada ya kubadilisha kabla ya kulipa. Mara nyingi tofauti yake na ya kwenda tu ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Baada ya kaunta kuna afisa wa uhamiaji wa Kenya. Naye atauliza: unakwenda kwa nani, kazi gani, utarudi lini? Ukitokea Kisumu kwa kuunganisha ndege, maswali hayo utayakuta Nairobi. Msiyachukie. Tangu 2022 serikali imetangaza kuwaokoa Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Swali moja la kaunta linaweza kumpa kijana nafasi ya mwisho ya kusema kwamba hata jina la mwajiri wake halijui.

Mengine nitayapitia haraka. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai. Cheti cha homa ya manjano, ambacho Afrika Kusini humdai anayetoka Kenya, huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo chanjo ya siku ya safari haitakusaidia. Ukishakipata, ni cha maisha. Njugu za kusaga tunazopenda kupelekea watoto wetu huhesabiwa pamoja na vimiminika, kwa hiyo zikizidi mililita 100 zitie kwenye sanduku kubwa. Betri ya akiba ya simu hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku.

Yule mama wa Kibuye alinunua tikiti nyingine, ya kurudi baada ya wiki sita, yenye ruhusa ya kubadilisha tarehe. Tulimwandikia kwenye karatasi anwani ya bintiye na nambari yake ya simu, simu yake isije ikazima njiani. Johannesburg aliulizwa maswali mawili, akaitoa ile karatasi, akagongewa muhuri.