Je, wajua kwa nini Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, inanunua maji wakati Ziwa Kivu halina mwenyewe?

Asubuhi moja, kwenye mteremko wa mtaa wa Himbi, nilimkuta mama mmoja akibishana na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kijana alikuwa amepanga bidoni (madumu) sita za njano, kila moja ya lita 20, na jasho linamtiririka. Mama akamwambia, "Mtoto wangu, haya mayi umeyavoma ku ziwa bila kulipa kitu. Mbona mimi unaniuzia?" Kijana akamjibu kwa heshima: "Mama, mayi ni ya Mungu. Mimi nakuuzia huu mulima tu."

Mama akalipa. Lakini swali lake ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile. Ziwa Kivu lina maji zaidi ya kilomita za ujazo 500, na kina chake kinapita mita 480. Mji uliokaa ukingoni mwa maji mengi hivyo unawezaje kuyanunua kwa bidoni? Na kuna mtu anayeweza kusimama akasema ziwa hili ni lake?

Kwa sheria ya Kongo, hakuna. Katiba ya 2006, ibara ya 9, inaweka ardhi, maji, misitu, mito na maziwa chini ya mamlaka ya kudumu ya Leta, yaani serikali. Sheria ya ardhi ya 1973 ilikuwa imekwisha kusema kwamba udongo wote ni mali ya Leta na hauuzwi kabisa. Hata tajiri mwenye parseli kando ya ziwa ana haki ya kuitumia tu, kwa hati aliyopewa. Isitoshe, mpaka wa Rwanda umepita ndani ya maji hayo hayo, kwa hiyo hata Kinshasa haiwezi kuliita ziwa zima lake.

Ndiyo maana wengi walishtuka Julai 2022, serikali ilipotangaza mnada wa vitalu vya mafuta na gesi, vitatu kati yake vikiwa ndani ya Kivu. Watu wakasema ziwa linauzwa. Kilichokuwa kinatafutiwa mnunuzi ni haki ya kuvuta gesi ya metani iliyoyeyuka chini kabisa, inayokadiriwa kufika kilomita za ujazo 60. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza umeme kwa miaka kadhaa sasa. Hapo kuna jambo ambalo wengi hatulioni: ziwa linaweza kubaki la wote kwenye karatasi, huku kilichomo kikigawiwa kipande kwa kipande.

Kwingine duniani wamegawanya kwa namna zao. Lough Neagh, ziwa kubwa kuliko yote Uingereza, lililoko Ireland ya Kaskazini, sakafu yake ni mali ya ukoo mmoja wa makabaila, Shaftesbury. Mchanga wa chini ni wao. Maji yaliyo juu yake si yao, na ndiyo yanayonywesha sehemu kubwa ya wakazi wa huko. Chile ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya 1981, haki ya kutumia maji ilitenganishwa na ardhi, ikawa kitu cha kununuliwa na kuuzwa sokoni. Katika bonde la Petorca, ukame ulipokaza, mashamba ya parachichi yaliendelea kumwagiliwa wakati vijiji vya jirani vinaletewa maji ya kunywa kwa malori. Sitaki tufike huko.

Turudi kwenye mulima wa yule kijana, maana hapo ndipo bei inapozaliwa. Goma imejengwa juu ya lava. Mawe haya yana matundu kama sifongo: mvua ikinyesha, na hapa hunyesha kwelikweli, maji huzama yakapotea. Ndiyo sababu mji hauna hata mto mmoja wa kudumu, na kuchimba kisima katika mwamba huu ni kazi inayovunja vyuma. Kinachobaki ni ziwa, nalo liko chini, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, wakati mitaa inapanda kuelekea volkano ya Nyiragongo. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima. Kuipandisha hadi mitaa ya juu kama Majengo au Ndosho kunataka pampu, pampu inataka umeme, na mabomba yanapita juu ya ardhi ambayo volkano huifunika ikitaka. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Mei 2021 iliharibu miundombinu ya maji, na karibu watu nusu milioni wakakosa maji safi. Kisha mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme ukakatika, pampu zikanyamaza, watu wakashuka ziwani na bidoni zao huku risasi zikisikika.

Na maji ya ziwani hayanyweki hivi hivi. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma, maradhi, kipindupindu kikiwa mbele, yaliua watu wapatao 50,000 katika mwezi mmoja tu. Tangu hapo kipindupindu hakijaondoka kabisa kando ya Kivu. Ndiyo maana kwenye sehemu za kuchotea utamkuta mtu amesimama na bomba la sindano lenye klorini, anatia kipimo katika kila bidoni inayopita. Akikosekana huyo, tunaanza kuhesabu wagonjwa.

Kwa hiyo maji yenyewe hayana bei. Bei ni ya njia: pampu, dawa, bomba, na miguu ya vijana. Sheria ya maji ya Desemba 2015 iliifungulia sekta binafsi njia hiyo, ambayo zamani ilikuwa ya Regideso, shirika la maji la serikali, peke yake. Mimi sioni ubaya mtu akilipwa kwa kazi ya kweli. Kinachoniuma ni jinsi mzigo ulivyogawanywa. Meta moja ya ujazo ni bidoni 50. Chukua bei ya bidoni moja mtaani kwenu, izidishe mara 50, kisha ilinganishe na kiasi anacholipa kwa meta hiyo jirani mwenye robine (bomba la maji) uani. Maskini ndiye anayelipa zaidi kwa lita, na bado anaibeba kichwani. Kwa kipimo cha chini kinachotumika katika kambi za wakimbizi, lita 15 kwa mtu kwa siku, familia ya watu saba inahitaji zaidi ya bidoni tano kila siku. Katiba hiyo hiyo ya 2006, ibara ya 48, inasema maji ya kunywa ni haki.

Kisha kuna ukingo. Tembea kutoka Himbi hadi Kyeshero uone: ukuta, geti, hoteli, ukuta tena. Hakuna aliyenunua ziwa, lakini waliojenga ukingoni wamelifunga. Vichochoro vya kushukia majini ni vichache, na mtoto anayetumwa kuvoma, yaani kuchota maji, huzunguka mbali kukipata kimoja. Ningeombwa kuchagua kitu kimoja cha kuanzia, kabla ya pampu mpya na kabla ya mnada wowote, ningesema meya na viongozi wa mitaa wavihesabu vichochoro hivyo, waviandike kwenye ramani ya mji, na kila kimoja kiwe na mtu wa klorini tangu alfajiri.