Mwalimu, leo naitwa nani?

Nafundisha mpira watoto wa juvenile, daraja la wadogo, hapa Unguja, kuanzia Alasiri mpaka Magharibi inapokaribia. Mzazi akiniletea mtoto huniambia, "Mwalimu, mfunze na adabu," kana kwamba adabu ina kipindi chake baada ya mazoezi. Mimi nasaha sizitegemei sana. Mtoto humtazama kocha wake siku timu inapotaka kufungwa.

Jambo linalotuumbua zaidi ni umri. Miaka mingi nyuma, nikiwa msaidizi katika timu moja, tulichezesha kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, kwa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake. Asubuhi ya mechi, akifunga kamba za viatu, aliniuliza: "Mwalimu, leo naitwa nani?" Nikamtajia. Tukashinda. Kinachoniuma mpaka leo ni ile sauti yake: aliuliza kama anayeuliza namba ya jezi. Tulishamzoesha.

Anayeumia kwanza ni mtoto wa miaka 13 ambaye hajabaleghe. Akikutanishwa na wa miaka 16 hugongwa, hukaa benchi, mwisho haji tena. Na kijeba mwenyewe hajifunzi kitu, maana kila mpira anaupata kwa kifua na mbio. Siku akikutana na wa rika lake hana la kufanya.

Kwenye mashindano makubwa kuna kipimo. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA hutumia picha za MRI, mashine inayoonyesha ndani ya mwili, za kifundo cha mkono. Mfupa wa upande wa kidole gumba una gegedu la kukulia, sehemu laini ambapo mfupa hurefukia. Likishaungana kabisa na mfupa, ni nadra sana mwenye mkono ule awe hajavuka miaka 17. Huku kwetu mchangani mashine hiyo haifiki. Kuna cheti, kuna barua ya sheha, na kuna kocha.

Kwa hiyo sasa cheti nakisoma mbele ya mtoto na mzazi wake, na mwaka wa kuzaliwa anautaja mtoto mwenyewe.

Alhamisi wanacheza watano kwa watano bila refa. Mpira ukitoka, aliyeugusa mwisho ndiye anayesema. Wiki za mwanzo ni ugomvi mtupu, na filimbi siipigi ila wakishikana mashati. Baadaye unamwona mmoja ananyanyua mkono: "Mimi huyo, warushe wao." Hapo kazi inarudi kwangu.

Juzi kwenye mechi, beki wangu alimwambia refa kuwa mpira umemgusa yeye. Ikawa kona, kona ikazaa bao. Watoto wote wakageuka kunitazama mimi, wala si yeye. Nikampigia makofi, nikamwita kwa jina lake, huku lile bao linanichoma. Nyuma yangu mzazi mmoja alisonya. Mpira ukawekwa kati.