Reli ya Hijazi: wakfu wa mahujaji, na kwa nini tunawaomba muandikishe wakfu zenu

Tangu tuanze kampeni ya kuandikisha wakfu, yaani mali inayotolewa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala isirithiwe, kila kikao lazima mtu asimame aulize: "Sadaka ya Mungu, karatasi za nini?" Wanaouliza wana nia njema, sina shaka. Nitawajibu kwa habari ya Reli ya Hijazi, iliyoelekea Hijazi, eneo la Uarabuni zilipo Makka na Madina.

Mwaka 1900 Sultani Abdul Hamid wa Pili, mtawala wa Dola ya Uthmaniya ya Waturuki, aliamuru reli ijengwe kutoka Dameski, Sham (Syria ya leo), hadi Madina na Makka. Msafara wa ngamia kutoka Dameski hadi Madina ulichukua siku 40 hivi, na njiani kulikuwa na kiu, maradhi na uporaji. Dola yake ilikuwa imelemewa na madeni ya Ulaya, na Sultani hakutaka njia ya Hija iingie mikononi mwa wadai. Akawaita Waislamu wachange. Michango ilitoka Uturuki, Misri, India na kwingineko, na aliyetoa alipewa medali ya nikeli, fedha au dhahabu kulingana na alichotoa. Ngozi za wanyama wa Idi ziliuzwa, stempu maalumu zikatolewa, na watumishi wa serikali wakakatwa mishahara. Hapo kwenye mishahara mimi husita: kinachokatwa kwa amri ni kodi. Wakfu hauwi wakfu bila hiari ya mtoaji.

Tumechoka kusikia kwamba "Wajerumani ndio walioijenga". Mhandisi mkuu, Heinrich August Meissner, alikuwa Mjerumani, ni kweli. Lakini kazi ya sulubu ilifanywa na maelfu ya askari wa Uthmaniya, na kipande cha mwisho kuelekea Madina, ambako wasio Waislamu hawakuruhusiwa kufika, kilikamilishwa na wahandisi Waislamu.

Njia yake ina upana wa milimita 1,050, sentimita 5 zaidi ya ile ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Kipimo hicho kilifuata reli ya Beirut na Dameski iliyokuwepo tayari, ili vifaa vipite bila kupakuliwa. Stesheni za jangwani ni nyumba za mawe, nene kama ngome, zenye matundu ya kutolea mitutu ya bunduki. Zilihitajika, kwa sababu Mabedui, Waarabu wahamaji wa jangwani walioishi kwa kukodisha ngamia na kulinda misafara, waliona riziki yao inapita juu ya vyuma, wakaishambulia.

Tarehe 1 Septemba 1908 reli ilizinduliwa Madina, kilomita 1,300 hivi kutoka Dameski. Siku 40 zikawa 3 au 4. Makka haikufika kamwe. Mwaka 1916 Waarabu wa Hijazi waliwaasi Waturuki, reli ikalipuliwa mara kwa mara, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza na Ufaransa zikagawana maeneo ilimopita.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Waislamu walidai kwamba reli ni wakfu mmoja, haigawanyiki. Mwaka 1923, kwenye mkutano wa amani huko Lausanne, Uswisi, Uingereza na Ufaransa zilikiri kwamba reli hiyo ina sura ya kidini. Ziliendelea kushika vipande vyake, lakini hoja yenyewe ilisimama, kwa sababu ilijulikana nani alichanga na kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo, unapoweka wakfu, taja mali yenyewe kwa mipaka yake, taja wanufaika, taja msimamizi na atakayemrithi, kisha weka mashahidi na saini. Ukiacha nafasi ya wanufaika wazi, tutakurudishia fomu. Ukiandika "kwa ajili ya dini" tu, pia tutakurudishia. Msimamizi akitumia mali kinyume na sharti la mtoaji anaondolewa, na alichopoteza anakilipa mfukoni mwake. Hata akiwa mjomba wako. Tafadhali msije kutuambia kwamba "yeye ni mtu wa familia".

Mahujaji nao wasichanganye mambo. Treni ya Haramain iliyofunguliwa 2018, inayokwenda kilomita 300 kwa saa kati ya Makka, Jeddah na Madina, ni ya serikali ya Saudi Arabia na si mwendelezo wa reli hii. Ya zamani mtaiona Madina, jirani na msikiti wa Anbariya: stesheni ya mawe iliyogeuzwa makumbusho, na vichwa vya treni vya mvuke vimesimama juu ya reli zilizoletwa kwa michango ya watu.