Je, wajua kwa nini mkanda wa injini hulia asubuhi, kisha ukanyamaza wenyewe?

Alfajiri, Ntinda au Kawempe hapa Kampala, hakosekani jirani mmoja ambaye gari lake huamsha mtaa mzima. Likipigwa stata tu, kitu chini ya boneti kinalia "kwiiii" hadi mbwa wanabweka. Dakika chache baadaye sauti inakatika na mwenye gari anaondoka zake akiamini mambo yamejipa. Kesho yake ni yale yale, na kama mvua imenyesha usiku ndiyo kabisa.

Gereji jibu huwa tayari: "Mkanda umekwisha, leta mwingine." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi mkanda unalilia kosa la mwenzake: puli (gurudumu ambalo mkanda hupitia) iliyokaa upande, beringi iliyokauka, tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) iliyochoka, au mafuta yanayovuja. Ukibadilisha mkanda peke yake, ule mpya utatulia kwa siku kadhaa kisha utaanza wimbo ule ule.

Mkanda tunaouzungumzia ni ule wa nje, ambao madereva wengi bado huuita fenibelti hata kwenye magari ambayo feni yake ni ya umeme. Si mkanda wa taimingi, wenye meno, unaofichwa nyuma ya kifuniko. Huu wa nje huchukua nguvu kutoka puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na kuigawa kwa alteneta inayochaji betri, kompresa ya AC, mara nyingi pampu ya maji, na pampu ya stelingi kama gari lina stelingi ya haidroli. Hauna meno hata moja. Unashika kwa msuguano tu, na humo ndimo kelele inamozaliwa.

Mpira ukishindwa kuishika puli sawasawa, hautelezi kwa mfululizo. Hushika, ukavutika kidogo, ukaachia, ukashika tena, mara mamia kwa sekunde. Mpiga endingidi, fidla ya uzi mmoja, hutoa mlio kwa njia hiyo hiyo: upinde unashika uzi, unauachia, unaushika tena. Tofauti ni kwamba kwenye injini hakuna aliyeomba muziki.

Sasa kwa nini asubuhi? Kupiga stata huchota umeme mwingi kwenye betri, na injini ikishawaka alteneta huharakisha kuurudisha. Umeme huo haupatikani bure. Alteneta inayotoa ampea 80 kwa volti 14 inaweza kudai karibu nguvu farasi mbili na nusu kutoka kwenye mkanda. Tena puli ya alteneta kwa kawaida ndiyo ndogo kuliko zote. Huzunguka mara mbili na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, na mkanda unaikumbatia kwenye eneo dogo tu. Mzigo mkubwa juu ya mshiko mdogo: mkanda huanza kuteleza hapo. Betri iliyochoka huzidisha balaa, maana alteneta inaihangaikia muda mrefu zaidi. Nimeona watu wakibadilisha mikanda huku mgonjwa ni betri.

Juu ya hayo kuna umande. Utando mwembamba wa maji kwenye mkanda hupunguza mshiko, na mpira uliolala kwenye baridi huwa mgumu kidogo. Kabale, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, utalijua hilo vizuri kuliko mtu wa Gulu. Injini ikipata joto, maji yanakauka, mpira unalainika, betri imeshalamba chaji yake, na kelele inakufa. Hakuna kilichopona. Mzigo umepungua tu hadi pale ambapo mkanda dhaifu unaumudu.

Kabla ya kutoa pesa, sikiliza aina ya sauti. Mlio mrefu wa "kwiiii" unaokuja ukiongeza moto, ukiwasha taa na AC kwa pamoja, au ukikata stelingi hadi mwisho, huelekeza kwenye mkanda uliolegea au uliolainishwa na kitu. "Chwi-chwi-chwi" fupi za kujirudia, zinazokwenda mbio kadiri injini inavyokwenda mbio, ni dalili ya puli ambazo hazikupangana kwenye mstari mmoja. Hapa wengi hawaamini ukiwaambia jinsi kosa linavyoweza kuwa dogo: kupotoka kwa milimita 1.6 katika urefu wa sentimita 30 kunatosha kuufanya mkanda wenye mifereji ulie. Jicho tupu halioni hilo. Rula ndefu iliyonyooka, ikilazwa kwenye nyuso za puli mbili, huonyesha.

Kipimo ninachokipenda hakigharimu chochote ila chupa ya maji. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko, washa gari, kisha nyunyiza maji kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mifereji huku kelele ikiendelea. Ikinyamaza kwa muda mfupi halafu ikarudi, shuku puli zilizopishana. Ikizidi papo hapo, mkanda unateleza: umelegea, au tenshena haina nguvu tena. Isipobadilika hata kidogo, geukia beringi. Lakini kwanza kunja mikono ya shati, funga vizuri mtandio au kanzu, na usikaribishe vidole. Feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe bila kukuarifu.

Beringi ina sauti yake: huguna, hukwaruza au huvuma. Fundi mzoefu huegemeza bisibisi ndefu kwenye bonti isiyozunguka ya puli, mpini sikioni, akasikia beringi ipi inalalamika. Njia nyingine ni kutoa mkanda kabisa na kuwasha injini kwa nusu dakika hivi, si zaidi, kwa sababu kwenye injini nyingi pampu ya maji nayo imesimama. Kelele ikiondoka, chanzo kiko kwenye vinavyozungushwa na mkanda. Zima, kisha zungusha kila puli kwa mkono. Iliyo nzima huzunguka kimya na haichezi ukiitikisa. Inayokwaruza au kuyumba ndiyo ya kubadilisha. Usisahau puli za kupitishia mkanda tu, zisizoendesha kitu chochote. Ni za bei nafuu kuliko alteneta, na huchoka mapema kuliko watu wanavyodhani.

Magari yetu yana historia inayochangia. Sheria iliyoanza kutumika 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo gari la miaka kumi au kumi na mbili kwenye bondi (yadi za kuuzia magari) za Nakawa ni jambo la kawaida, na springi ya tenshena yake huenda ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Halafu linapelekwa kwenye barabara za murramu. Vumbi lile jekundu hukaa kwenye mifereji na kuisugua kama msasa, kisha mvua inaligeuza tope. Ukiosha injini yenye tope kwa maji ya kasi bila uangalifu, maji hupenya kwenye beringi na kuondoa grisi.

Mafuta ni adui mbaya zaidi. Mikanda mingi ya siku hizi imetengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, unaovumilia joto vizuri sana lakini usiopatana na oili zitokanazo na petroli. Ukilowa huvimba na kulainika. Kwa hiyo oili inayovuja kutoka kifuniko cha valvu, au ya stelingi inayodondoka kutoka kwenye paipu, inabidi izibwe kwanza ndipo mkanda mpya uvalishwe. Na kwa sababu hiyo hiyo, anayepulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye mkanda unaolia ananunua ukimya wa dakika chache kwa gharama ya mkanda. Sabuni ya kipande? Nayo hunyamazisha, kisha hukusanya vumbi. Sioni tofauti kati ya hilo na kuziba masikio.

Mpira huo wa EPDM umebadilisha pia namna ya kukagua. Mikanda ya zamani ilipasuka ufa baada ya ufa, na fundi alihesabu nyufa. Huu mpya huisha kama tairi: mifereji inazidi kuwa mipana na yenye kina, mkanda unazama kwenye puli na mshiko unapungua, huku ukionekana mzima. Mkanda mweusi usio na ufa hata mmoja unaweza kuwa umekwisha. Pitisha kidole: mifereji ikiwa inang'aa kama kioo, au kingo za mkanda zikitoa nyuzi, muda wake umefika.

Ukienda soko la vipuri la Kisekka kununua, usitaje jina la gari pekee. Beba mkanda wa zamani au soma namba yake mgongoni. Mfano 6PK1780: mbavu 6, urefu wa milimita 1,780. Mrefu kupita kiasi utateleza. Mfupi kupita kiasi utaivuta tenshena ikose nafasi ya kucheza. Injini za dizeli za zamani zenye mikanda miwili sambamba ya umbo la V zinataka yote miwili ibadilishwe pamoja, la sivyo mpya hubeba mzigo peke yake.

Kwenye gari lenye tenshena ya springi, kukaza si kazi yako. Kwenye lile ambalo alteneta husogezwa kwa bonti, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu. Ukubali kushuka kama sentimita moja. Hapa mafundi wetu wengi huzidisha, wakikaza hadi mkanda unalia ukipigwa kwa kidole. Kelele huisha kweli siku hiyo, kisha miezi michache baadaye beringi ya alteneta au ya pampu ya maji inadai malipo. Mkanda mpya hulegea kidogo ukishapata joto, kwa hiyo endesha siku moja au mbili, kisha injini ikiwa imepoa uupime tena.