Sakafu ya mashua usiipigilie misumari

Mwezi uliopita nililetewa hapa Nungwi mashua ya futi 28. Mwenyewe kachoka na nyavu, anataka kupeleka wageni kuzamia upande wa kisiwa cha Mnemba. "Fundi, niwekee sakafu nzuri, ufunike pote, harufu ya samaki isitoke."

Nikamwambia ukifunika pote ndiyo itatoka zaidi.

Chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo. Maji hayo, ngama, hukusanyika kwenye banduru, sehemu ya chini ndani ya chombo, na mvuvi huyafua kwa dumu lililokatwa kwa sababu anayaona. Ukishapigilia sakafu juu yake, huyaoni tena. Na maji ya chumvi hayanitishi sana, maana chumvi huhifadhi mbao. Kinachonitisha ni mvua. Maji ya masika yakituama pembeni mwa taruma (mti uliopinda unaoshika mbao za chombo kwa ndani), pasipo upepo, kuvu huanza kula kimyakimya. Ukija kuchokonoa kwa kisu, kinazama kama kwenye papai.

Tulisubiri bamvua, siku za maji makubwa, tukaipandisha mashua maji yalipojaa, tukaitia gadi, magogo ya kuiegemeza isilale. Mataruma matatu yalikuwa yameoza. Tuliyabadilisha kwa vipande vilivyopinda vyenyewe mtini, kwani ukikata umbo la kupinda kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka, nyuzi zinakatika na taruma hupasuka hapohapo. Kalafati, pamba ya kuziba mishono ya mbao, nayo tukaitoa yote, tukagongea pamba mpya iliyolowa mafuta.

Ndipo nikalaza darumeti, boriti za kubeba sakafu, moja kila sentimita 40. Uzito wa watu lazima ushukie kwenye mataruma. Nimeona mafundi wanaoegemeza boriti kwenye mbao za ubavu. Msimu mmoja tu, mishono inaachana. Kila darumeti ina urefu wake kwa kuwa chombo hubana kuelekea omo, yaani mbele, kwa hiyo pima moja moja, usikate zote kwa mkupuo.

Juu yake nikatengeneza sakafu kama chaga za kitanda: mbao za inchi 4, nafasi ya unene wa penseli kati yake, zimeunganishwa vipande vipande ambavyo mtu mmoja anaviinua. Kila kipande kinashikwa na kitasa cha mti kisielee. Plaiwudi nilikataa. Ni rahisi kulaza, lakini ikinywa maji kingoni inafumuka kama mkate. Sitaha ya kufunga kabisa niliweka omo na tezi (nyuma) peke yake, nikaiinamisha kidogo ili mvua ikimbilie nje.

Tulibishana juu ya kimo. Yeye alitaka sakafu ipande, wageni waone vizuri. Nyavu na samaki vilikuwa vinalala chini kabisa, vikifanya kazi ya farumi, uzito wa chini unaozuia chombo kisipinduke. Sasa unaviondoa na kusimamisha watu juu? Niliishusha nilivyoweza, nikaongeza mawe kwenye viroba karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo. Kisha vijana 8 wakapanda, wakakimbilia upande mmoja kwa pamoja. Ililala kidogo, ikarudi. (Ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini uko palepale, vijana wangu si cheti.)

Siku ya pili baada ya kushusha majini kanipigia: ngama imezidi.

"Umejuaje?"

"Nimeinua chaga ya tatu."

Nikamwambia afue, asubiri siku mbili tatu. Mbao bado hazijavimba zikaziba mishono.