Kurudishwa bila dripu ya kemo (dawa za saratani) sio kwamba madaktari wamekata tamaa

Mke wangu ana saratani ya shingo ya kizazi, imegundulika ikiwa imeshafika mbali. Sisi tuko Kigoma na tiba ya mionzi huku haipo, watu tunafunga safari hadi hospitali ya Bugando Mwanza au Ocean Road Dar. Sio daktari mimi, ni mume tu niliyekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki, ila haya nimeyauliza kwa wahudumu mara mbili mbili maana maneno ya mtaani yalikuwa yanatumaliza kuliko ugonjwa wenyewe.

Dhana: Mkirudishwa bila dripu, jua wameshamkatia tamaa

Hii ndo ilituumiza kuliko zote. Mara ya tatu tumefika, damu ikapimwa asubuhi, nesi akarudi na karatasi akasema leo haiwezekani, chembe nyeupe za damu zimeshuka, rudini baada ya wiki. Mke wangu hakusema neno, akavuta kanga akajifunika kichwa mpaka tulikofikia, na mimi kwa uoga wangu nikaanza kuongelea nauli. Usiku ndo akaniuliza, "Baba Rama, wamekwambia nini ambacho mimi sijaambiwa?" Kumbe siku nzima alikuwa anadhani nimeitwa pembeni.

Ukweli ni kwamba dawa za kemo zinapiga chembe zinazozaliana haraka, saratani ni hivyo, lakini uboho wa mifupa unaotengeneza damu nao ni hivyohivyo, kwahiyo damu inashuka wiki moja mbili baada ya dripu halafu inapanda tena, na wakimwongezea dawa ikiwa bado chini maambukizi madogo tu yanaweza kumuondoa. Na kama dawa yenyewe ni sisplatini wanaangalia na figo, zikichoka wanasubiri au wanabadilisha. Mimi ni mtu wa dagaa, nikamwambia mama Rama, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa Kibirizi hawatoki sababu karabai haivuti kitu, umewahi kusikia mtu anasema ziwa limekufa? Wanashona nyavu wanasubiri giza. Ndo siku hiyo akacheka kidogo, na tukakubaliana chochote nikiambiwa mimi na yeye anaambiwa hapohapo.

Hapa niongeze kitu, naomba mkisome vizuri. Huku kwetu homa yoyote tunasema malaria, tunanunua dawa dukani tunalala. Mgonjwa wa kemo akifika nyuzi 38 hakuna kusubiri kukuche, ni hospitali usiku huohuo na useme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo. Malaria watapima hukohuko. Nunueni kipimajoto jamani, sio bei kubwa.

Dhana: Huo ugonjwa kuna aliyemletea

Hii inavunja ndoa kimyakimya. Saratani hii inatokana na kirusi cha HPV na kinapita kwenye tendo la ndoa, hilo kweli, lakini karibu kila mtu mzima anakutana nacho wakati fulani, wengi mwili unakiondoa wenyewe, kwa wachache kinabaki na kinaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 mpaka kuwa saratani. Sasa nani atajua kilitoka wapi na lini? Sisi tuliamua swali hilo halilali ndani ya nyumba yetu. Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 ampeleke chanjo, ipo nchi nzima tangu 2018.

Dhana: Mionzi inaambukiza, msilale pamoja

Tuliporudi nikakuta shangazi yake ameshanitandikia mkeka sebuleni, kwa nia njema kabisa. Mionzi ya nje mashine ikizimwa imeisha, na ile ya ndani wanayotumia kwa shingo ya kizazi kifaa kinatolewa kabla hajatoka chumbani, habaki na kitu cha kumdhuru mume wala mtoto. Mkeka niliukunja. Ila wanaume wenzangu, mionzi ya nyonga inakausha na kubana uke, tendo linaweza kumuuma kwa muda mrefu, usidhani amekuchoka, muulizeni nesi pamoja bila aibu, msaada upo.

Mitishamba sitaongea sana, baadhi inaumiza ini na figo hizohizo zinazotegemewa na dawa, kama mnatumia semeni, msifiche.

Dhana: Akianza mofini ndo mwisho

Shemeji yangu alikificha kichupa cha mofini juu ya kabati, alikuwa anamuogopea dada yake. Mofini ya maji ni dawa ya maumivu, inapimwa kidogokidogo na kuongezwa kulingana na maumivu, haimuui mtu akipewa kama alivyoandikiwa, na anayeitumia kwa maumivu ya kweli ni nadra sana kugeuka teja. Kawaida ni kila baada ya saa 4, na muombe na dawa ya kulainisha choo maana inafunga tumbo vibaya. Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, nayo sio kupelekwa kufa, mtu anaipata huku bado yuko kwenye kemo.

Usiku ule nilipanda kwenye stuli nikakishusha, nikampimia kwa bomba la sindano akainywa mbele ya shemeji. Ni chungu, alikunja uso. Akalala mpaka adhana ya alfajiri, mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, na alipoamka akaulizia mgebuka na ugali wa muhogo. Shemeji ndo aliyeenda sokoni.