Kuchenji pesa kabla ya safari: yasemwayo Mombasa na ukweli wake

Watu wa Mombasa tunasafiri sana: Dubai kufuata mzigo, Saudia kwa Umra, Tanga na Unguja kwenye harusi. Na kila mwenye safari hakosi mjuzi wa baraza wa kumfundisha namna ya kuchenji pesa.

"Hapa hawatozi kamisheni, basi ndipo rahisi."

Duka halifunguliwi kwa thawabu. Lisipokutoza kamisheni, faida yake imo katikati ya zile bei mbili za ubaoni. Ya kununua ni ile ambayo duka linanunulia kwako; ya kuuza ndiyo utakayolipa wewe unayetafuta dola. Tuseme, kwa mfano tu, duka moja la Digo Road linauza dola kwa shilingi 133 bila kamisheni, na la pili linauza kwa 130.50 na kamisheni ya shilingi 300. Anayetaka dola 1,000 atatoa 133,000 kwa la kwanza na 130,800 kwa la pili. Lakini anayetaka dola 50 tu, mambo yanageuka: 6,650 kwa 6,825. Kwa hiyo usiulize "dola ngapi leo?" ukaishia hapo. Uliza, "Nataka dola elfu moja, natoa ngapi zote pamoja?" Na ukiwa na kiasi kikubwa omba upunguziwe, maana bei ya ubaoni inaongeleka.

"Bei ya Benki Kuu ndiyo bei, wengine wanaiba."

Ile bei inayotangazwa na Benki Kuu ya Kenya ni wastani wa soko ambamo benki huuziana pesa kwa mamilioni. Dirishani hakuna anayelazimika kukuuzia kwa bei hiyo. Itumie kama kipimo tu: itazame asubuhi kwenye simu, kisha uone kila duka limejitenga nayo kiasi gani.

"Unaenda Dubai? Nunua dirhamu hapa hapa, usichenji mara mbili."

Hii ndiyo inayowakamata hata wafanyabiashara. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725. Riyali ya Saudia vilevile, 3.75 kwa dola, tangu 1986. Maana yake, bei ya haki ya dirhamu unaweza kuitafuta mwenyewe. Gawa bei ya dola kwa 3.67. Dola ikiwa 130, dirhamu inafika kama shilingi 35.40.

Sasa tuseme hapa Mombasa unauziwa dirhamu kwa 36.50. Shilingi 130,000 zitakupa dirhamu 3,561. Kwa shilingi hizo hizo ungenunua dola 1,000, na ukipewa 3.65 kwa kila dola kule Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, unatia mfukoni dirhamu 3,650. Umechenji mara mbili na bado umeokoa karibu dirhamu 90, chakula cha siku kadhaa hicho. Sababu ni kwamba dola huuzwa na kila duka, na wauzaji wanashindana. Dirhamu huuzwa kwa uchache na duka linajilipa usumbufu wake. Lakini si sheria ya kudumu. Ukipata dirhamu kwa 35.60 hapa, chukua, huna haja ya kuhangaika ugenini.

Kosa lenyewe ni kubeba shilingi za Kenya kwenda kuzichenjia huko, kwani bei utakayopewa itakuumiza. Tanga ni jambo jingine. Huko shilingi yetu inajulikana na ina wateja.

"Dola ni dola."

Kwa serikali ya Marekani ndiyo, kila noti yake ni halali hata iwe ya zamani vipi. Kwa dirisha la Afrika Mashariki, sivyo. Noti za kabla ya 1996, zile zenye picha ndogo ya kichwa, wengi hawazitaki kabisa, na iliyochanika au kuandikwa kwa kalamu inarudishwa kwa kidole kimoja: "Ami, hii nibadilishie." Noti za 50 na 100 nazo mara nyingi hununuliwa kwa bei bora kuliko za 5 au 10. Basi unaponunua dola zako, zihesabu na uzikague pale pale dirishani, na mbaya uikatae kabla hujaondoka. Risiti usiiache.

"Subiri, shilingi itapata nguvu."

Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kufika mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Waliosubiri walicheka. Ila waliosubiri hivyo hivyo mwaka 2023 wote waliianza Januari ikiwa karibu 123 na kumaliza Desemba ikiwa zaidi ya 155. Mwenye tarehe ya tiketi anunue kidogo kidogo, kila mshahara au kila mauzo.

"Kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi, kubali, ndiyo unajua unatoa ngapi."

Kataa. Mashine ikikupa hiari ya kulipa kwa shilingi za Kenya au kwa dirhamu, chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, bei ya kuchenji anaipanga mwenye ile mashine, na aghalabu ni mbaya kuliko ya benki yako. Na kwa kuwa benki nyingi hukata ada kila ukitoa pesa kwenye mashine ya ng'ambo, toa nyingi mara chache.

"Vijana wa mpakani wana bei nzuri kuliko duka."

Lunga Lunga bei wanayotaja huwa nzuri kweli. Taabu ni wingi wa sufuri. Shilingi moja yetu ikienda kwa 20 za Tanzania, elfu hamsini inakuwa milioni moja, na milioni ya noti zilizokunjwa, ikihesabiwa haraka huku utingo anapiga kelele kuwa basi linaondoka, ni rahisi kupungua. Isitoshe, biashara hiyo bila leseni ni kosa kisheria, kwa hiyo ukipunjwa huna risiti wala pa kushtaki.

"Zikibaki utazirudisha."

Noti, ndiyo, kwa bei ya kununua. Sarafu madukani hawazipokei, kwa hiyo zimalizie kwa maji na chai kabla ya kupanda ndege.